Padri Akiwa Mbali, Nani Ataongoza Sala?

Somo kwa wakatekumeni wa vijijini juu ya viongozi wa Kanisa

Misioni moja ya Kongo ina vijiji vingi. Vingine viko karibu na kanisa la padri. Vingine viko mbali, ng'ambo ya mito na nyuma ya milima. Padri ni mtu mmoja, naye ana miguu miwili tu. Kuna kijiji kimwonacho kila mwezi. Kuna kijiji kimwonacho mara mbili au tatu katika mwaka mzima, hasa pale ambapo masika huvunja madaraja na kuharibu njia.

Lakini watoto hawangoji padri ili wazaliwe, wala wagonjwa hawangoji padri ili wafe. Huzuni huja usiku, ugomvi huja mchana, na Shetani hapumziki hata siku moja. Basi padri akiwa mbali, nani atawakusanya watu wa Mungu siku ya Dominika? Nani atamfundisha mkatekumeni? Nani atamfikishia mgonjwa neno la faraja? Somo hili linajibu maswali hayo. Tena linaonyesha jinsi Kanisa linavyowapata viongozi wake, na kwa nini jambo hilo linamhusu hata mkatekumeni aliyeandikwa jina juzi.

1. Mfano wa vijiji viwili

Palikuwa na vijiji viwili, na kila kimoja kilikuwa na mwalimu wake wa dini.

Mwalimu wa kijiji cha kwanza alikuwa mtu wa bidii sana. Yeye mwenyewe alipiga ngoma ya sala, yeye mwenyewe alifungua mlango wa kapela, aliongoza nyimbo, alisoma, alifundisha, alifagia. Ufunguo aliufunga kiunoni, na kitabu cha majina ya wakatekumeni alikiweka ndani ya sanduku lake. Mtu akitaka kumsaidia, alijibu, "Wewe hujui, utaharibu." Watu wakamsifu, wakasema, "Mwalimu wetu hachoki."

Siku moja mwalimu huyo alikwenda misioni kuchukua vitabu. Usiku ule mtoto mchanga wa mama mmoja akashikwa na homa kali, akaanza kuzimia. Mama akalia, "Mbatizeni mwanangu!" Watu wengi walikuwapo, na maji yalikuwapo mtungini. Lakini hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu, kwa maana walidhani kwamba mwalimu peke yake ana ruhusa, wala hawakufundishwa maneno ya kusema. Kijana mmoja akatoka mbio kwenda misioni, akakuta mto umejaa, akarudi. Kabla jogoo hajawika mtoto akafa. Kanisa linamkabidhi mtoto kama huyo kwa huruma ya Mungu, anayewapenda watoto wadogo. Lakini mama yule alilia mara mbili: alimlilia mwanawe, akaulilia na ubatizo aliomwombea bila kuupata.

Baada ya miaka michache mwalimu mwenyewe akafa. Ngoma ikanyamaza. Sanduku lilipofunguliwa, mchwa walikuwa wamekwisha kula kitabu cha majina, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika nani amemaliza mwaka wa kwanza wa mafundisho na nani amefika mwaka wa tatu. Wengine wakakata tamaa, wakarudia mambo yao ya zamani. Kabla mvua hazijaisha, paa la kapela likaanguka.

Mwalimu wa kijiji cha pili hakuwa hodari wa kuimba, na kusoma kwake kulikuwa kwa polepole. Lakini alikuwa na desturi moja: kazi yoyote aliyoifanya, aliifanya pamoja na mtu mwingine. Alipokwenda kwa mgonjwa, alimchukua kijana mmoja. Alipopatanisha watu waliogombana, alimketisha mzee mmoja kando yake. Alipoandika majina, alimwita msichana aliyejua kuandika vizuri, akamwambia, "Mwanangu, leo andika wewe, mimi nitatazama."

Msichana akajibu, "Baba, nikikosea je?"

Mwalimu akasema, "Ukikosea leo, mimi nipo, nitakusahihisha. Je, nikiisha kufa, nani atakusahihisha?"

Mwalimu huyo naye alikufa, kwa maana kila mtu hufa. Watu wakamlilia sana. Lakini Dominika iliyofuata ngoma ililia saa ileile. Mzee aliongoza sala, kijana alisoma Injili, na yule msichana alifungua kitabu cha majina, akawaita wakatekumeni mmoja mmoja. Padri alipofika baada ya miezi miwili, alikuta kundi limekusanyika linamngoja.

Walimu wote wawili walikuwa na bidii. Lakini wa kwanza alijitwalia kazi yote, na kazi ikafa pamoja naye. Wa pili aliwafundisha wengine kazi hiyo angali hai, na kazi ikaendelea.

2. Yezu alivyowaandaa viongozi wake

Bwana wetu Yezu Kristu ni Mwana wa Mungu. Angeweza kuhubiri peke yake, naye hakuhitaji msaidizi. Lakini hakupenda kufanya hivyo. Injili ya Marko, katika sura ya tatu, yasimulia kwamba alipanda mlimani, akawaita wale aliowataka mwenyewe, akawaweka watu kumi na wawili. Aliwaweka kwa sababu mbili: wakae pamoja naye, kisha awatume kuhubiri.

Kwanza walikaa naye. Walikula naye, walitembea naye kwa miguu, walimwona akisali kabla ya mapambazuko, walimwona akimgusa mwenye ukoma. Waliposikia mfano wasiufahamu, walimwuliza, naye akawaeleza. Walipobishana nani kati yao aliye mkubwa, aliwaonya, akawafundisha kwamba mkubwa ni yule anayewatumikia wenzake.

Kisha aliwatuma, nao wakaenda wawili wawili. Hakungoja mpaka wamekuwa wakamilifu. Waliporudi, walimsimulia yote waliyoyafanya, naye akawapeleka mahali pa upweke wapate kupumzika. Basi Yezu aliwafundisha, akawajaribu kwa kazi, akasikiliza habari zao, akawafundisha tena.

Hata hivyo walianguka. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku wa mateso. Lakini Yezu alipofufuka alimwuliza Petro mara tatu kama anampenda, na mara tatu akamkabidhi kondoo zake. Wakatekumeni na wafahamu jambo hili vema. Kiongozi wa Kanisa aweza kuanguka kama mtu mwingine yeyote. Lakini akiwa anampenda Yezu kweli, hutubu, hukubali kuonywa, na huinuka tena.

3. Mitume wakafuata njia ileile

Kanisa lilipokuwa changa huko Yeruzalemu, wajane wengine walisahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku, na manung'uniko yakaanza. Mitume hawakusema, "Tutafanya yote sisi wenyewe." Waliwaambia Wakristu wachague watu saba kati yao. Alama walizozitaka zilikuwa tatu: wawe na jina jema, wawe wamejaa Roho Mtakatifu, wawe na hekima. Hawakuuliza habari za ukoo wa mtu, wala wingi wa mali yake, wala ukubwa wa sauti yake. Watu saba walipopatikana, Mitume waliwaombea na kuwawekea mikono.

Mtakatifu Paulo na Barnaba walifanya vivyo hivyo katika safari zao. Hawakukaa siku zote mahali pamoja. Katika kila kanisa waliweka wazee, wakasali na kufunga chakula, wakawakabidhi kwa Bwana, kisha wakaendelea na safari.

Tena walikuwapo mtu na mke wake, Akwila na Prisila, watengeneza mahema kwa kazi yao. Hao walimsikia Apolo akihubiri kwa ufasaha, wakatambua kwamba mafundisho yake yamepungukiwa. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kwa hiyo Apolo, mhubiri mkubwa, alifundishwa na watu wa ndoa waliokuwa mafundi, tena mmoja wao mwanamke.

Na Paulo alipokuwa karibu na kufa kwake, alimwandikia Timoteo kwamba mambo aliyoyasikia kwake ayakabidhi kwa watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha wengine. Mwenye kuhesabu ataona vizazi vinne katika agizo hilo moja: Paulo, Timoteo, watu waaminifu, na hao wengine. Imani hufika kijijini kwa njia hiyo, kama maji yanavyofika kwenye nyumba inayoungua yakipita mkono kwa mkono. Mkono mmoja ukilegea, walio nyuma hukosa maji.

4. Mifano miwili ya Ziwa Tanganyika

Mambo hayo si ya Yeruzalemu peke yake. Kando ya Ziwa Tanganyika yalionekana wazi.

Upande wa magharibi wa ziwa, katika nchi ya Kongo, kuna misioni ya Mpala, ambayo Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, kuna misioni ya Karema, inayotazamana nayo. Wamisionari wa kwanza walikuwa wachache, na wengi wao walikufa kwa homa wangali vijana. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao, aliona mapema kwamba Waafrika wenyewe ndio watakaowapelekea Waafrika wenzao Injili.

Mmoja wa hao aliitwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi iitwayo leo Mali, si mbali na mji wa Timbuktu. Angali mtoto, wafanya biashara ya watumwa walimteka, wakamvusha jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamlea, wakamfundisha imani, naye akabatizwa. Kisha walimpeleka katika kisiwa cha Malta, akajifunza udaktari kwa miaka kadhaa. Mwaka 1889 akafika Karema, akiwa daktari na katekista.

Atiman hakuwa padri wala bruda. Alioa mwanamke wa nchi ile, akawa na nyumba yake, na mtoto wao mmoja akapata upadri. Kila siku aliwatibu wagonjwa, na pamoja na dawa aliwapa mafundisho ya Mungu. Hakuondoka tena. Alifia Karema mwaka 1956, baada ya kuwatumikia watu wake kwa miaka 67. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi sokoni akawa baba wa imani kwa watu wengi. Lakini mambo hayo hayakuja kwa siku moja. Kwanza alikombolewa, akafundishwa, akajifunza kazi kwa miaka mingi, kisha akatumwa.

Mfano wa pili ni Stefano Kaoze, mtoto wa nchi ya Marungu, katika Kongo. Alizaliwa karibu na mwaka 1886. Akiwa kijana alisoma Mpala, kisha akaendelea na masomo katika seminari kubwa ya Baudouinville, mahali paitwapo leo Kirungu, karibu na Moba. Masomo yake yote yalichukua zaidi ya miaka 15. Alijifunza Kilatini, filosofia na teolojia. Alijifunza kusali na kutii. Alijaribiwa mara nyingi. Tarehe 21 Julai 1917 Monsenyeri Victor Roelens akampa sakramenti ya upadri. Ndiye Mkongo wa kwanza kupata upadri katika nyakati hizi, tangu siku za ufalme wa kale wa Kongo. Akafanya kazi ya kichungaji mpaka kufa kwake mwaka 1951.

Atiman alikuwa mtu wa ndoa. Kaoze alikuwa padri. Wito wao haukuwa mmoja, lakini njia yao ilikuwa moja. Kila mmoja alipata mtu wa kumfundisha, kila mmoja alivumilia miaka ya kujifunza, na kila mmoja akawapokeza wengine alichokipokea.

5. Siku za taabu humpima kiongozi

Baba wa familia hujulikana wakati wa njaa, na kiongozi wa Kanisa hujulikana wakati wa taabu. Mwaka 1964 vita vya waasi vilienea katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Mapadri na watawa wengi waliuawa au walifukuzwa, na misioni nyingi zikabaki tupu.

Katika nchi ya Fizi, tarehe 28 Novemba 1964, mapadri wawili waliuawa: Giovanni Didonè, Mwitalia, na Albert Joubert. Siku ileile, huko Baraka, waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Padri Albert Joubert alikuwa mwana wa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewakinga watu wa ziwa dhidi ya wateka watumwa, na wa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi hiyo. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, watu hao wanne wakatangazwa Wenye Heri mbele ya umati wa Wakristu wa Kongo.

Lakini baada ya siku ile ya Novemba 1964, nani aliongoza sala katika vijiji vilivyobaki bila padri? Kazi hiyo iliwaangukia walimu wa dini, wazee, na akina mama wenye rozari mkononi. Pale ambapo watu walikuwa wamefundishwa na kuzoezwa, sala iliendelea, hata kwa siri. Siku ya taabu hakuna nafasi ya kuanza kuandaa kiongozi. Mwenye kungoja mvua inyeshe ndipo aezeke nyumba, atalowa.

6. Kanisa linataka nini leo

Kanisa halikusahau masomo hayo. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliamua kwamba Wakristu wasiwe umati usiojuana, bali waishi katika jumuiya ndogo zilizo hai, ambamo majirani husali pamoja na kusaidiana. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya kazi ya kimisionari ya mwaka 1965, uliwasifu makatekista, ukataka wafundishwe vema na wapewe riziki ya haki. Huko Kinshasa, tangu mwaka 1975, Kardinali Malula aliwakabidhi watu wa ndoa kazi ya kuongoza parokia. Nao waliitwa bakambi. Kila mmoja aliandaliwa kwanza kwa masomo, na mke wake alipaswa kukubali. Na tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa lote, atolewayo mtu na askofu kwa ibada maalumu.

Basi yampasa kila mmoja kujua kazi ya kiongozi wa kijiji na mipaka yake.

Kiongozi wa kijiji huwakusanya watu siku ya Dominika, huongoza sala na masomo. Huwafundisha wakatekumeni kwa utaratibu na kuandika majina yao. Huwatembelea wagonjwa, na mapema humwita padri, asingoje hata mgonjwa amepoteza fahamu. Hupatanisha wenye ugomvi. Huzika wafu kwa sala za Kanisa. Huwatafuta waliopotea, na huwaendea wale ambao hawajasikia bado jina la Yezu.

Kiongozi huyo hawezi kusoma Misa, wala kuondoa dhambi katika kitubio, wala kutoa mpako wa wagonjwa. Mambo hayo ni ya padri. Lakini mgonjwa akitaka kuungama na padri hayupo, kiongozi amsaidie kufanya majuto ya kweli kwa ajili ya upendo wa Mungu, akiwa na nia ya kuungama mara atakapoweza.

Tena kiongozi ajihadhari na mitego mitatu. Wa kwanza ni majivuno: kusema "kapela yangu, watu wangu". Wa pili ni tamaa: kupokea kuku au fedha ili amwandike mtu jina au amfupishie mafundisho. Wa tatu ni mioyo miwili: asubuhi kuongoza sala, na usiku kwenda kwa mpiga ramli. Watu huyatazama maisha yake kabla ya kuyasikia maneno yake.

7. Na mkatekumeni je?

Mkatekumeni mmoja atasema, "Mimi sijabatizwa bado. Mambo ya uongozi si yangu." Asiseme hivyo.

Kardinali Lavigerie aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kufundishwa na kujaribiwa kwa miaka minne. Wengine waliona muda huo ni mrefu mno. Lakini mafundisho ya miaka mingi humpa mtu mizizi, na mti wenye mizizi waweza kuwapa wengine kivuli. Katika miaka hiyo mkatekumeni hujifunza kuja kwa wakati, kutunza ahadi, kusamehe, kusikiliza, kuuliza. Hayo yote ni mazoezi ya mtumishi.

Isidore Bakanja, kijana wa nchi ya Ekwateri, alibatizwa mwaka 1906. Hakusoma shule kubwa. Alikuwa mfanyakazi tu. Lakini alivaa skapulari ya Bikira Maria waziwazi, akawafundisha wafanyakazi wenzake sala alizozijua. Kwa sababu hiyo msimamizi mmoja mzungu aliichukia imani yake, akaamuru apigwe vibaya sana. Bakanja aliteseka kwa miezi na vidonda vyake, akamsamehe aliyempiga, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Mwaka 1994 alitangazwa Mwenye Heri. Kati ya ubatizo wake na kufa kwake ilipita miaka mitatu tu. Hakungoja kuwa mzee wa Kanisa ili awape wenzake alichonacho.

Tena kuna kazi moja kubwa ambayo hata mkatekumeni aweza kuifanya. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, wala hakuna padri, wala shemasi, wala katekista, mtu yeyote aweza kumbatiza, hata yule ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi awe na nia ya kufanya kama Kanisa lifanyavyo. Mtu mzima ni lazima autake ubatizo mwenyewe; mtoto mchanga huombewa na wazazi wake. Anayebatiza hutwaa maji safi, huyamimina juu ya kichwa cha mgonjwa, na papo hapo husema, "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Baadaye huandika jina na siku, humtaja aliyekuwa shahidi, na humpa padri habari. Mgonjwa akipona, habatizwi tena. Padri hukamilisha sala zilizobaki.

Kama mtu mmoja tu katika kile kijiji cha kwanza angalijua maneno hayo machache, mama yule asingalilia mara mbili.

Maswali na majibu

Swali: Kwa nini kijiji chahitaji viongozi wa sala?
Jibu: Kwa sababu padri hawezi kuwa mahali pote, na watu wa Mungu wahitaji sala, mafundisho na msaada kila siku.

Swali: Yezu aliwaita Mitume wafanye mambo gani mawili?
Jibu: Wakae pamoja naye, kisha watumwe kuhubiri.

Swali: Watu saba wa Yeruzalemu walitakiwa wawe na alama gani?
Jibu: Jina jema, kujaa Roho Mtakatifu, na hekima.

Swali: Kosa la mwalimu wa kijiji cha kwanza lilikuwa nini?
Jibu: Alifanya kazi yote peke yake, wala hakumwandaa mtu mwingine.

Swali: Kiongozi asiye padri hawezi kufanya mambo gani?
Jibu: Hawezi kusoma Misa, wala kuondoa dhambi, wala kutoa mpako wa wagonjwa.

Swali: Nani aweza kubatiza katika hatari ya kufa, padri asipokuwapo?
Jibu: Mtu yeyote, hata asiyebatizwa, akiwa na nia ya kufanya kama Kanisa lifanyavyo.

Swali: Kazi ya kiongozi mwema yajulikana kwa nini?
Jibu: Kwamba haiishi siku anapokufa, kwa maana amewaachia wengine waliofundishwa.

Kusudi la juma hili

Kila mkatekumeni ajifunze kwa moyo maneno ya ubatizo wa hatari, ayaseme mbele ya mwalimu wake bila kukosea, kisha ayafundishe kwa mtu mmoja nyumbani kwake. Aende pamoja na mwalimu, au na Mkristu mwingine, kumtazama mgonjwa mmoja.

Na kila mwalimu atakayelisoma somo hili mbele ya watu, ajiulize usiku kabla ya kulala: nikifa mwezi huu, ngoma ya sala italia Dominika ijayo? Kama hajui jibu, kesho yake amwite mtu mmoja mwaminifu, ampe ufunguo wa kapela, aanze kumfundisha.